Kichomi cha Uani

Kichomi cha kwanza kilimpata Tupokigwe akiwa amechuchumaa nyuma ya pipa la maji, kaniki imemfunika kichwa, magoti yamegusa kidevu, anamngoja baba mkwe wake apite. Kilimchoma chini ya titi la kushoto, mahali padogo tu, pa kutosha ncha ya kidole, kama mtu amemchomeka sindano ya gunia akaiacha humo. Akataka kuvuta pumzi, pumzi ikagoma katikati. Akatulia. Baba mkwe akapita na fimbo yake, ko, ko, ko, akatoka njiani kuota jua. Muda si mrefu, kama wa kuchambua konzi mbili za maharage, kichomi kikaondoka chenyewe bila kuaga.

"Haya," Tupokigwe akajiambia, akainuka kuendelea kutwanga.

Alikuwa na miaka ishirini na alikuwa mzima kama kinu. Debe la maji alilipandisha kutoka bombani hadi nyumbani bila kulitua, na akifika bado ana pumzi ya kumsalimu kila mtu kwa jina. Homa hazikumzoea. Mama yake kule Rungwe alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa akiwa amekwisha kuugua magonjwa yake yote tumboni.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita, mwezi wa sita, wakati ule baridi ya Mbeya inaposhuka mlimani asubuhi ikaingia hadi kwenye vikombe. Tupokigwe alikuwa na miezi minane katika ndoa. Mumewe, Anyitike, alikuwa seremala katika karakana ya Mzee Zubery, na walipanga vyumba viwili vyenye ua mdogo nyuma. Ua wenyewe mtu mrefu akilala anaumaliza. Mlango wa kutokea njiani ulikuwa mmoja tu, na ulipitia uani.

Basi mama mkwe alipofariki masika ile, Anyitike akamchukua baba yake kutoka kijijini aje akae nao. Jina la mzee huyo Tupokigwe alilijua, lakini hakulitamka, wala hata kulifikiri hakulifikiri. Kwa hiyo na sisi tumwite Baba Mkwe, tusimtie aibu.

Kwa Wanyakyusa wa siku zile, mke wa mtu na baba wa mumewe hawaonani. Si ugomvi. Ni heshima. Mzee akija, mkamwana anajificha, hamtazami, hasemi naye, halitaji jina lake. Tupokigwe alifundishwa hayo na mama yake, naye aliyapenda, maana yalimfanya ajione mke wa watu kweli. Kila aliposikia fimbo, alijitupa chini palepale alipo, akajikunja kama panya aliyesikia paka, akajifunika, akaibana pumzi ili hata kaniki isitikisike.

Tatizo ni kwamba Baba Mkwe alikuwa mtu wa watu. Alipenda jua, alipenda habari, alipenda kuwaona wapita njia. Siku moja Tupokigwe alihesabu: alitoka na kuingia mara kumi na saba. Na alikuwa mtu mwema. Akirudi kutoka matembezini aliacha kitita cha kuni karibu na jiko, halafu akaenda zake kama mtu aliyekisahau. Akiletewa chakula alikimaliza, na bakuli alilirudisha mlangoni likiwa limesuuzwa. Tupokigwe hakuwahi kusikia mwanamume mwingine anayesuuza bakuli.

Wiki ile kichomi kikarudi mara tatu. Wiki iliyofuata, kila siku. Mara akiwa anajificha, mara dakika chache baada ya kujificha, akiwa bado ameinama kuokota alichokuwa amekidondosha. Alinyamaza, mpaka jioni moja alipomletea Anyitike maji ya kunawa, akasimama katikati ya chumba na birika mkononi, mdomo wazi, hapumui.

"Una nini?"

Akaonyesha kwa kidole.

"Kinauma?"

"Nisemeshe baadaye," akanong'ona. Kikapita. Akammiminia maji. "Ni kichomi tu. Kinakuja, kinaondoka."

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ianze."

Anyitike aliitazama mikono yake chini ya maji. Kila mtu Mbeya alimjua mtu aliyeanza na kichomi akaishia na kikohozi, na kikohozi kikaishia na damu. Hakulitaja jina la ugonjwa huo. Alikula kidogo, na usiku akamwachia mkewe blanketi lote, akajifanya anaona joto.

Shangazi Juliana, dada yake Baba Mkwe, alikuja kutoka Tukuyu kumtazama kaka yake. Alikuwa mama mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Hakuwa na mwiko na Tupokigwe, akakaa naye jikoni, na siku ya pili tu akakiona kichomi kwa macho yake.

"Hicho ni nini?"

"Kichomi, Shangazi."

"Kichomi cha namna gani kinachokuja na kwenda kama mpangaji?" Akamwita Anyitike uani, akasema kwa sauti aliyodhani ni ya chini. "Sikiliza, mwanangu. Kuna mambo mawili. Ama ni kifua kile kibaya, au ni pumzi."

Tupokigwe alisikia yote. Na pumzi alijua ni nini. Wazee wa kwao walisema mzee akikaa na kinyongo moyoni akanung'unika peke yake, manung'uniko yale yanakuwa ubaridi, yanamwingia mtoto wake au mkamwana wake.

"Baba hana kinyongo na mtu," Anyitike akasema.

"Mimi sikusema anacho. Nimesema mambo mawili. Likiwa la kwanza, si vizuri akae nyumba moja nanyi. Likiwa la pili, si vizuri akae nyumba moja na kaka yangu. Yote mawili njia ni moja. Nitarudi mwezi wa nane. Kama kichomi bado kipo, nitamchukua akapumzike kwao."

Akapumzike kwao! Tupokigwe alimjua mwanamke aliyeenda kupumzika kwao kabla ya Vita vya Pili, na mpaka leo alikuwa bado anapumzika. Aliutazama ua wake, kinu chake, kiti cha miguu mitatu alichotengenezewa na Anyitike wiki ya kwanza ya ndoa, kikiwa na moyo mdogo uliochongwa upande wa chini, mahali ambapo hapana mtu angeona. Hakutaka kupumzika popote.

Mzee Zubery ndiye aliyefungua njia. Anyitike aliharibu miguu ya meza mara mbili kwa siku moja, na Mzee Zubery, badala ya kumkaripia, alimpa chai, akangoja mpaka aseme. Akisha kusikia, akavua kofia yake ya kiua, akaikung'uta vumbi la mbao, akaivaa tena.

"Dada yangu Bibie yuko Iringa, anataka vitanda vinne na kabati. Nilikuwa nimtume mwenzako Ahmadi. Basi nenda wewe. Mchukue na mkeo, Bibie atafurahi kupata mtu wa kuongea naye, maana sisi ndugu zake tumemchoka. Na hospitalini kule kuna mashine ya kupiga picha ya kifua."

"Na baba?"

"Baba yako ana mdomo, na mimi nina sufuria. Atakula kwangu."

Wakapanda basi alfajiri. Lilipita Chimala, likapita Igawa, likapanda Makambako likilia kama mzazi, na jioni lilipoingia Iringa abiria wote walikuwa rangi moja, rangi ya vumbi. Bibie aliwapokea mlangoni, mwanamke mrefu mwenye udi katika nguo na maneno mengi ya pwani ambayo Tupokigwe aliyashika nusu tu.

"Karibuni, karibuni! Huyu ndiye mgonjwa? Mgonjwa gani ana mashavu kama maandazi? Njoo, mwanangu, uoge kwanza, nisije nikakisalimu kichuguu."

Siku tatu za kwanza Tupokigwe alikingojea kichomi. Alikaa barazani na Bibie wakichambua mchele, akawa anasikiliza ubavu wake wa kushoto kama mtu anayemsikilizia mgeni mlangoni. Hakikuja. Siku ya nne akawa amesahau kusikiliza. Siku ya tano wakaenda hospitali.

Karani wa kuandika majina alikuwa kijana mwenye haraka.

"Jina?"

"Tupokigwe."

"Jina la mume?"

"Anyitike."

"Anyitike nani?"

Tupokigwe akaangalia chini. Jina lililofuata lilikuwa la Baba Mkwe.

"Mama, watu wako nyuma yako. Anyitike mwana wa nani?"

"Wa baba yake," akasema Tupokigwe.

Foleni nzima ikacheka. Mzee mmoja wa Kihehe nyuma yake akasema, "Mwandikie hivyo hivyo, wewe. Wangapi wanaweza kusema hivyo kwa hakika?" Watu wakacheka tena, na Tupokigwe mwenyewe akacheka ndani ya kiganja. Karani akaacha nafasi tupu, akamwambia apite.

Daktari alimsikiliza mbele na nyuma kwa kile chombo chake cha mipira. Akamgongagonga mgongo kama anunuaye mtungi. Wakampiga picha, akaambiwa arudi keshokutwa. Aliporudi, daktari aliiinua picha kwenye mwanga wa dirisha, na Tupokigwe akaziona mbavu zake mwenyewe, nyeupe, zimejipanga vizuri kama fito za nyumba mpya.

"Safi," daktari akasema. "Moyo mzuri. Mapafu mazuri. Sioni kitu."

Ilikuwa habari njema, lakini Tupokigwe alitoka akiwa mzito. Atamwambia nini Shangazi Juliana? Kama kifua ni safi, basi limebaki lile jambo la pili.

Dresa wa zamu, mfunga vidonda, aliitwa Kalinga. Alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza, alikuwa amehudumia majeruhi wa vita kule Burma. Alimwona mwanamke mchanga amekaa kwenye benchi la nje na cheti kizuri mkononi na uso mbaya usoni. Wengine walipita. Yeye akakaa mwisho wa benchi, mbali kwa adabu.

"Kamwene, dada. Umeambiwa huna ugonjwa, mbona unahuzunika? Wenzako wote hapa wangekupa mbuzi ubadilishane nao."

"Kichomi ninacho, kaka. Daktari hakioni."

"Kinakuja ukifanya kazi? Ukibeba maji?"

"Hapana. Maji nabeba vizuri."

"Ukipanda kilima?"

"Hapana."

"Sasa kilipokuja mara ya mwisho ulikuwa unafanya nini?"

Tupokigwe akakunja cheti chake. Daktari naye alimwuliza hivyo, akajibu, "Sifanyi kitu." Na alisema hivyo kwa sababu jambo la mkwe si la kuelezwa ofisini mbele za watu.

"Kuna mtu," akasema polepole, "mtu mkubwa nyumbani, ambaye akipita mimi najificha."

"Aa!" Kalinga akatabasamu. "Wewe Mnyakyusa. Nilikaa hema moja na Wanyakyusa wawili. Walimwogopa Mjapani kidogo, lakini waliwaogopa sana mama wakwe zao. Unajificha namna gani? Nionyeshe."

"Hapa?"

"Hapa. Mimi ni dresa, nimeona mambo ya ajabu kuliko hayo."

Tupokigwe akatazama kushoto na kulia. Akashuka benchini, akajikunja, kifua juu ya mapaja, kichwa katikati ya magoti, kaniki juu, pumzi akaibana. Akakaa hivyo kama anavyokaa nyumbani. Na palepale, kikamchoma.

"Ai!"

"Kimekuja?"

Akatikisa kichwa kukubali, hawezi kusema.

"Usiogope. Kaa wima. Mgongo wima, kama askari. Sasa vuta pumzi taratibu. Kitauma kidogo, wewe vuta tu."

Akavuta. Kilichoma zaidi, halafu ndani pakawa kama pameachia kitu, na pumzi ikaingia yote. Kichomi kikaisha. Tupokigwe akabaki anamtazama Kalinga kama mtu aliyeona mganga akitoa mjusi ndani ya chupa.

"Sikufanya kitu," Kalinga akasema. "Kule vitani nilikiona kwa vijana wazima kabisa, wenye nguvu. Wakikaa wamejikunja mashimoni, kinawachoma. Wanadhani wanakufa, dakika mbili wanacheza karata. Daktari wetu alikuwa na jina lake, nimelisahau. Hata yeye alisema haijulikani sawasawa kinatoka wapi. Lakini hakiui mtu. Kikianza kuja kwa namna nyingine, ukibeba mzigo, ukizimia, ukitoa jasho, rudi hapa mbio. Kikiwa hiki hiki, simama wima."

"Sasa nikirudi nyumbani nitajifichaje wima?"

Kalinga akakuna kichwa. "Hiyo," akasema, "hawakutufundisha jeshini."

Jioni Tupokigwe alimweleza Anyitike yote. Anyitike alifurahi hata akamtengenezea Bibie kitanda cha tano bila kuombwa.

"Basi rahisi! Nitamwambia baba."

"Humwambii."

"Kwa nini?"

"Utamwambia nini? Kwamba mkamwana wake anaumia kwa sababu yeye anapita? Shangazi amekwisha kusema neno pumzi. Ukimwambia baba yako hivyo, atasikia lile neno tu. Nitavumilia. Hakiui."

Anyitike akabisha, akabembeleza, mwishoni akakubali kunyamaza, lakini hakupenda.

Walirudi Mbeya mwanzoni mwa mwezi wa nane, wana mfuko wa vitunguu na kanga mpya mbili, zawadi za Bibie. Siku ya kwanza tu, Tupokigwe alijikunja mara nane, na kichomi kikaja mara mbili. Alikaa wima haraka mzee alipokwisha kupita, akavuta pumzi, kikaenda. Haya, akafikiri, nitaishi nacho kama mtu anayeishi na jirani mpiga ngoma.

Lakini Baba Mkwe naye alikuwa na masikio. Alisikia "ai" ndogo nyuma ya kinu. Akasimama. Akarudi chumbani.

Siku iliyofuata hakutoka. Jua liliwaka vizuri njiani, wazee wenzake wakamwita kwa jina, akajibu kwamba ana kazi. Kazi gani? Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu bakuli lilirudi likiwa na nusu ya chakula, halafu Tupokigwe, kupitia ukutani, akasikia sauti ya kamba ikikazwa. Mzee alikuwa anafunga mzigo. Anyitike alikuwa karakana. Kule kijijini nyumba ya mzee ilikuwa na kufuli, na hapakuwa na wa kumpikia hata chai.

Tupokigwe alisimama jikoni, mchi mkononi. Akienda yeye, Anyitike anabaki bila mke. Akienda mzee, anakufa njaa kwa adabu. Na kusema naye hawezi, hata kama nyumba ingewaka moto.

Uani palikuwa na tetea mmoja anaparura. Tupokigwe akamgeukia.

"Wewe kuku!" akasema kwa sauti ya juu. "Usidhani mimi naumwa kwa pumzi ya mtu. Hakuna mtu mwenye kinyongo katika nyumba hii. Nimepigwa picha Iringa, mbavu zangu ni safi!"

Kuku akainua kichwa. Chumbani kamba ikanyamaza.

Halafu mzee akakohoa upande wa pili wa ukuta.

"Wewe kuku," akasema Baba Mkwe, "mimi mara tatu nimechukua maji mdomoni nikayapuliza hapo mlangoni, nikasema, kama nina kinyongo na mtoto wa watu, kitoke. Hakikutoka. Nikafikiri kimejificha."

"Kuku, hakikutoka kwa sababu hakikuwemo!"

"Basi kuku, kwa nini anaumia nikipita?"

"Kwa sababu nakaa vibaya, kuku! Najikunja kama mkeka. Dresa wa Iringa alisema nikisimama wima hakiji!"

"Sasa kuku, kwa nini usisimame wima?"

"Nitasimama wapi, kuku, ua wenyewe huu?"

"Ninyi mmekuwaje?"

Shangazi Juliana alikuwa amesimama kwenye mlango wa njiani, mzigo kichwani, mdomo wazi. Alitazama ukuta, akamtazama Tupokigwe, akamtazama kuku. "Nimetembea tangu kituo cha basi nikisema nitawakuta wagonjwa. Kumbe ninyi ni wazimu! Kaka! Unaongea na kuku wa nani?"

"Wa mkamwana wangu," mzee akajibu kutoka ndani. "Ana akili sana."

Tupokigwe alimvuta Shangazi jikoni, akamweleza kila kitu, na alipofika kwenye kujikunja, akaonyesha. Shangazi Juliana akamtazama pale chini, kifurushi cha kaniki nyuma ya pipa la maji.

"Inuka. Nani alikufundisha hivyo?"

"Mama alisema nijifiche."

"Ujifiche, ndiyo! Hakusema ujikunje. Mama yako akimsikia mkwe wake anakuja anafanyaje? Anatoka njiani anaingia migombani. Anasimama wima nyuma ya mgomba kama mtu na akili zake, mzee anapita, yeye anaendelea na safari. Na kwanza kule kwetu wazee wana kijiji chao na vijana wana chao. Watu hawapitani mara kumi na saba kwa siku!" Akaugeukia ukuta. "Kaka! Mmemleta mtoto mjini mkasahau kuleta migomba!"

Ndani mzee akaanza kucheka. Alicheka kicheko cha watu wa zamani, kinachoanza na kikohozi.

"Mwambie kuku," akasema, "migomba hapa baridi itaikawiza. Lakini mwanangu si seremala?"

Anyitike aliporudi jioni alikuta jambo limekwisha kuamuliwa. Mzee Zubery alitoa mabanzi yaliyobaki karakana, na alipoulizwa ni ya nini akasikia kisa chote, akacheka mpaka akavua kofia. Siku mbili Anyitike na baba yake walipiga misumari, Tupokigwe akiwa amepelekwa kwa majirani kunywa chai. Waliweka kiambaza kirefu kutoka jikoni mpaka ukutani, juu kupita kichwa cha mtu, na upande mmoja wakaacha njia nyembamba ya mzee kupita. Baba Mkwe mwenyewe ndiye aliyeziba nyufa kwa udongo, moja moja, asiachie hata moja ya kupitisha jicho.

Tupokigwe aliporudi alisimama nyuma ya kiambaza. Akasikia ko, ko, ko. Miguu ikataka kukunjika yenyewe kwa mazoea. Shangazi Juliana alikuwa ameketi kando yake, akampiga kofi la mgongo.

"Wima!"

Akasimama wima. Mzee akapita upande wa pili, karibu kabisa, hakuna aliyemwona mwenzake. Tupokigwe akavuta pumzi, yote, hadi chini.

"Ndaga, kuku," Baba Mkwe akashukuru kwa Kinyakyusa, akitoka kwenda juani.

Shangazi alikaa wiki nzima. Alisema amekaa kwa ajili ya kaka yake, lakini macho yake yalikuwa ubavuni mwa Tupokigwe. Kichomi kilikuja mara moja, Tupokigwe alipokuwa ameinamia kapu la maharage kwa muda mrefu. Akanyoosha mgongo, akavuta pumzi, akaendelea kuchambua. Shangazi aliona, akavuta kapu akachambua naye.

Asubuhi ya kuondoka, Shangazi Juliana alikunjua shuka kubwa jipya sakafuni jikoni.

"Hili nililileta la kufungia vyombo vyako," akasema. "Nilikuwa nimepima, kinu kisingeingia, nikasema kinu tutakiacha." Akalitazama shuka, akamtazama mkamwana. "Sasa siwezi kurudi Tukuyu na shuka tupu, watu watanicheka. Una nini humu ndani?"

Tupokigwe akaleta maharage. Akaleta vitunguu vya Iringa. Akaleta kanga moja kati ya mbili alizopewa na Bibie, akaiweka juu.

"Hiyo ni yako," Shangazi akasema.

"Ninayo nyingine."

Shangazi akafunga mafundo manne, akavuta, akatikisa. Tupokigwe akamtwisha, akamsindikiza hadi njiani, ambako Baba Mkwe hakuwapo, kwa kuwa kwa hisani yake alikuwa amezunguka nyumba ya jirani kuwapisha waagane.